Gramu Tatu Nukta Sita

Mizani kwanza. Kabla chupa yoyote haijashushwa kutoka rafuni, mwalimu anainama mpaka jicho lake liwe usawa wa meza, anatazama kipovu cha hewa kwenye kidirisha cha mizani, anazungusha mguu mmoja wa mizani kidogo, kisha wa pili, hadi kipovu kikae katikati ya duara. Anazima feni. Anafunga dirisha la upande wa barabara. Joto linapanda mara moja, na wanafunzi wa mwaka wa pili ndani ya makoti yao meupe wanaanza kujifuta jasho, lakini hakuna anayeuliza kwa nini. Tarakimu ya mwisho kwenye mizani ilikuwa ikirukaruka. Sasa imetulia, na wote wameiona ikitulia.

Hii ni maabara ya kutengenezea dawa katika chuo kimoja cha afya kaskazini mwa Tanzania. Wanafunzi humwita Madam, nami nitamwita hivyo hivyo, maana hapendi jina lake liandikwe. Amesimama mbele ya madarasa ya famasia kwa zaidi ya miaka ishirini, na kabla ya hapo alikuwa dirishani, akitoa dawa katika hospitali ya wilaya. Wanaofundisha fani hii nchini si wengi. Shahada ya famasia ilianza kufundishwa Muhimbili katikati ya miaka ya 1970 tu, na kwa muda mrefu baada ya hapo famasi za hospitali nyingi za wilaya ziliendeshwa na mafundi sanifu wa dawa waliofinyangwa na walimu wa aina yake, watu ambao majina yao hayamo katika ripoti yoyote ya wizara.

Somo la leo ni marhamu ya Whitfield. Arthur Whitfield alikuwa daktari wa ngozi jijini London mwanzoni mwa karne iliyopita, na dawa yake ya kupaka imebaki mezani hadi leo kwa sababu ni rahisi, ni ya bei nafuu, na inafaa kwa choa na fangasi wengine wa ngozi. Ina asidi ya benzoiki asilimia 6 na asidi ya salisiliki asilimia 3. Kilichobaki ni mafuta ya kubebea. Ya kwanza inazuia fangasi wasikue. Ya pili inalegeza tabaka la juu la ngozi lililokufa, libambuke pamoja na fangasi waliojificha humo. Madam anasema haya mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, akiwa ameanza kuandika hesabu ubaoni.

Mgonjwa ameandikiwa gramu 50. Wao watatengeneza 60, kwa sababu kuna dawa itakayobaki kwenye kinu, kwenye bamba la kioo na kwenye spatula, na mgonjwa hapaswi kulipia uchafu wa vyombo. Asilimia 6 ya 60 ni gramu 3.6. Asilimia 3 ni 1.8. Mafuta ya kubebea ni 54.6, nayo pia yanatengenezwa hapa hapa: nta ya kuchanganyia 16.38, parafini laini nyeupe 27.30, parafini ya maji 10.92. Anasubiri kila mmoja ajumlishe kwenye daftari lake na kupata 60. Kijana mmoja amepata 60.6. Madam haoneshi kosa lilipo. Anavuta kiti, anakaa karibu naye na kutazama kalamu yake ikipanda upya kwenye safu ya tarakimu mpaka kijana mwenyewe asimame kwenye 3.6 aliyoiandika 4.2. Wengine wanangoja. Hakuna chupa inayoshuka kabla hesabu zote hazijalingana.

Chupa zinashuka sasa, na hapa ndipo nilipoanza kuelewa ninachokitazama. Madam anasoma lebo anapoitoa chupa rafuni. Anaisoma tena kabla ya kuchota. Anaisoma mara ya tatu anapoirudisha. Anaisoma kwa sauti, neno kwa neno, na ukimtazama midomo utaona hasomi kwa mazoea. Macho yake yanapita juu ya herufi zilezile kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Asidi ya benzoiki na asidi ya salisiliki zote ni unga mweupe. Makopo yake yanafanana, vifuniko vinafanana. Mtu aliyeyashika makopo hayo kwa miaka ishirini angeweza kuyatofautisha hata gizani, na ndiyo maana anajikataza kuyatofautisha kwa njia yoyote isipokuwa kwa kusoma.

Anaposhika chupa ya parafini ya maji, kiganja chake kinafunika lebo, ili tone likiteremka literemke upande wa pili na maandishi yasifutike. Kifuniko hakiweki mezani. Kimeshikwa kati ya kidole cha mwisho na ukingo wa kiganja, mdomo wake ukitazama nje. Vidole vingine vinafanya kazi. Wanafunzi wanaiga, na vifuniko vinaanguka. Sauti ya plastiki sakafuni inasikika mara nne, mara tano. Kila kinachoanguka kinaoshwa, kinakaushwa, kinajaribiwa tena. Msichana mmoja wa mstari wa nyuma amekipata: anakifungua na kukifunga kifuniko kwa mkono mmoja bila kumimina kitu, mara nyingi, kwa furaha ya mtu aliyegundua kwamba kidole chake cha mwisho kina nguvu.

Kupima kunachukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Karatasi ya kupimia inawekwa, mizani inarudishwa kwenye sifuri, unga unachotwa kwa ncha ya spatula. Mpaka gramu 3 mkono unakwenda haraka. Kutoka 3 hadi 3.5 unapunguza mwendo. Baada ya hapo Madam anaishika spatula kwa mkono wa kulia na kuigonga kwa kidole cha shahada cha mkono huohuo, pigo dogo sana, na chembe chache zinashuka. Anangoja. Mizani inafikiri kidogo kabla ya kutoa jibu, na anayegonga tena kabla ya jibu hilo atapitiliza. 3.57. Pigo. Kungoja. 3.59. Pigo jepesi zaidi. 3.60. Anaiandika papo hapo, pamoja na namba ya toleo iliyo kwenye kopo, kwenye karatasi ambayo mwanafunzi mwingine ameshaikagua na kutia sahihi. Akipitiliza, kilichozidi hakirudi koponi. Hilo halijadiliwi.

Asidi ya salisiliki ina tabia yake. Ni punje ndogo zenye umbo la sindano, nyepesi, na vumbi lake likiingia puani linawasha. Kinu cha kauri kimekaa juu ya kitambaa kilicholowa kisiteleze, na mchi unazungushwa polepole ukisaga bila kutwanga, kwa duara linalopanuka kutoka katikati kwenda kwenye kuta na kurudi. Kila baada ya muda Madam anakwangua kuta za kinu na kichwa cha mchi, unga urudi katikati. Kisha chekecheke: unga wote lazima upite kwenye matundu madogo ambayo jicho halioni vizuri. Kilichogoma kupita kinarudi kinuni. Mwanafunzi mmoja alitaka kukisukuma kwa kidole. Madam aliushika mkono wake kwa upole, akauondoa. Punje nene iliyolazimishwa kupita itafika kwenye ngozi ya mtu ikiwa nene vilevile, na pale itakapotua itachoma.

Spatula aliyowapa kwa hatua hii haina kutu hata chembe, na zile za zamani zilizoanza kubabuka amezitenga kwenye droo nyingine. Salisiliki ikikutana na kutu ya chuma hugeuka zambarau. Aliwaonesha: alichovya msumari wa zamani kwenye maji yenye asidi kidogo, akaweka punje chache za salisiliki, na rangi ikachanua chini ya bika. Nilimwona kijana mmoja akiinua spatula yake kwenye mwanga na kuigeuza pande zote mbili. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Upande wa pili wa meza, mafuta yanayeyushwa kwenye beseni la maji moto. Nta huingia kwanza kwa kuwa ndiyo inayohitaji joto kubwa zaidi. Parafini laini hufuata. Parafini ya maji huja mwisho. Ukianza na nyepesi unalazimika kuipasha zaidi ya inavyohitaji, ukiisubiri nta. Vyote vikishayeyuka, bika linaondolewa kwenye moto na kazi ngumu kuliko zote inaanza, ambayo kwa mtazamaji ni kama hakuna kinachofanyika: kukoroga mpaka ipoe. Usikoroge kwa nguvu, utaingiza hewa. Usiache, maana nta itaganda kwanza na kutengeneza vidonge ambavyo havitayeyuka tena bila kurudi motoni. Usiweke bika kwenye maji baridi kuharakisha. Dakika zinapita. Mikono inabadilishana. Mwanzoni kimiminika ni angavu, kisha kinaanza ukungu, kisha fimbo ya kukorogea inaacha mfuo unaojifunga taratibu, na mwishowe mfuo haujifungi. Mafuta yamekolea kama samli asubuhi ya baridi. Madam hakuangalia saa hata mara moja. Alikuwa akiangalia mfuo.

Sasa kuchanganya. Unga wote kwa pamoja ni gramu 5.4, na mafuta ni mara kumi ya hapo. Ukiutumbukiza unga mdogo kwenye mafuta mengi, utakoroga mpaka jioni na bado kijiko kimoja kitakuwa na dawa kali na kingine hakina kitu. Kwa hiyo wanakwenda kwa kurudufisha. Unga unawekwa juu ya bamba la kioo na mafuta ya kiasi hichohicho pembeni yake. Spatula ndefu inalazwa karibu na kioo na kuvutwa kwa kubonyeza, ikisugua, ikikusanya, ikisugua tena kwa umbo la namba nane. Rojo hilo la kwanza ndilo kila kitu. Hapo ndipo kila punje inapovikwa mafuta. Likishakuwa laini, linaongezwa mafuta ya kulingana nalo: gramu 10.8 zinakuwa 21.6, kisha 43.2, kisha sehemu iliyobaki. Kwenye kila ongezeko Madam anapita nyuma yao. Anachota kidogo kutoka pembe tatu za bamba, anatandaza kila kimoja juu ya kipande cha kioo na kukiinua dirishani. Mwanga unaonesha vidoadoa ambavyo meza ilivificha. Kisha anasugua kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, macho yakiwa yamefumba.

Bamba la msichana aliyefaulu kushika kifuniko lilikuwa na vidoa. Vidogo sana, mimi nisingeviona. Madam alimwonesha kwenye mwanga, akamwachia aangalie kwa muda wake. Ilikuwa imebaki nusu saa kipindi kiishe. Msichana alikuwa ameongeza mafuta mengi mno katika hatua ya pili, na hakuna namna ya kurekebisha hilo isipokuwa kuanza upya na unga mpya. Madam alivua saa yake ya mkononi, akakunja mikono ya koti, akamwambia, “Haya mwanangu, leta chekecheke.” Wakakaa wawili baada ya wenzake kwenda kula. Yeye hakugusa spatula. Alisimama upande wa pili wa meza, mikono nyuma, mpaka rojo la kwanza likalainika.

Nilipomuuliza baadaye kazi hii ina maana gani wakati marhamu hupatikana dukani ndani ya tyubu, alinijibu kwa kunionesha upande wa Moshi. Pale katika hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda, kilichoanzishwa 1992, ambako wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika hufundishwa, pamoja na mambo mengine, kutengeneza dawa za kupaka. Hapo ndipo pia inapotengenezwa KiliSun, mafuta ya kuzuia jua kwa watu wenye ualbino, ambao katika jua la kwetu hupata saratani ya ngozi wakiwa bado vijana. Mafuta hayo lazima yakae kwenye ngozi ya mtoto anayecheza uwanjani na yamkinge kwa kiwango kilekile kila sehemu alipopakwa. Kidoa kimoja kisichochanganyika ni sehemu ya shavu isiyokingwa. Baada ya maelezo hayo sikuuliza tena kuhusu tyubu.

Kuna jambo jingine analolifundisha kwa ukali usiokuwepo kwenye mengine, nalo ni glisero. Ni kimiminika angavu, kizito, kitamu. Diethilini glikoli nayo ni angavu, ni nzito, ni tamu, ni ya bei ya chini, na inaua figo. Mwaka 1937 nchini Marekani dawa ya maji iliyoyeyushwa ndani yake iliua watu zaidi ya 100, wakiwemo watoto. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji za watoto zilizopatikana Gambia zikiwa na sumu hiyohiyo na ndugu yake. Watoto zaidi ya 60 walikuwa wamekufa. Ni miaka 85 kati ya msiba mmoja na mwingine. Jicho haliwezi kuitofautisha sumu hiyo na glisero, wala ulimi. Kwa hiyo Madam huweka chupa ya glisero mbele ya darasa pamoja na cheti chake cha uchunguzi, na kumtaka kila mwanafunzi alinganishe namba ya toleo kwenye chupa na ile iliyo kwenye cheti. Siku moja kila muhula cheti anachokiweka ni cha chupa nyingine. Anangoja aone nani atasema.

Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, kazi ya kutengeneza dawa ilitoka darasani. Vitakasa mikono viliadimika na vyuo vya famasia sehemu nyingi duniani vikageukia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Kwa lita 10: ethano ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, glisero ya asilimia 98 mililita 145, maji yaliyochemshwa yakapoa, mpaka kufika kwenye alama. Kisha kuiacha saa 72 ili mbegu za bakteria zilizomo kwenye pombe au kwenye chupa zife. Hayo masaa 72 ndiyo yaliyowashinda watu wengi, maana foleni ilikuwa mlangoni. Kwake hayakuwa mjadala. Alibandika tarehe na saa kwenye kila dumu, akaufunga mlango wa stoo.

Lakini mchango wake mkubwa kwa sekta ya afya, kwa maoni yangu, haukufanyika mbele ya mizani. Mwaka 2003 Mamlaka ya Chakula na Dawa, ambayo tangu 2019 ni TMDA, ilianza mpango wa Duka la Dawa Muhimu mkoani Ruvuma. Kabla ya hapo vijijini kulikuwa na maduka ya dawa baridi, yasiyoruhusiwa kuuza dawa za cheti lakini mara nyingi yakiziuza, na muuzaji alikuwa yeyote aliyepatikana. Mpango ule uliyakagua maduka, ukayasajili, na ukawafundisha wauzaji kwa wiki kadhaa kabla ya kuwaruhusu kuuza orodha maalumu ya dawa za cheti. Baadaye ulienea mikoa mingine, na walimu wakahitajika. Madam alikuwa miongoni mwao, akifundisha katika madarasa ya shule za msingi wakati wa likizo, watu wazima wakiwa wamekaa kwenye madawati ya watoto.

Walifika na mazoea ya SP. Dawa ile ya malaria ilikuwa vidonge vitatu, unavimeza kwa pamoja, umemaliza. Muuzaji hakuhitaji kueleza kitu. Mwishoni mwa 2006 ikaja dawa mseto ya ALu, ambayo kwa mtu mzima ni vidonge 24: vinne vinne, mara sita, kwa siku tatu. Dozi ya pili inamezwa masaa manane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Imezwe na chakula chenye mafuta, maziwa au karanga, la sivyo sehemu kubwa ya dawa haiingii mwilini. Na homa hushuka mapema, mtu anajiona mzima siku ya pili, anaweka vidonge vilivyobaki kwa ajili ya mdogo wake.

Dirisha la kutolea dawa analolitumia kufundishia jambo hili ni meza mbili na ubao wenye tundu. Mwanafunzi mmoja ni mtoa dawa, mwingine ni mama. Madam anakaa pembeni na kusikiliza kwa utulivu uleule aliokuwa nao juu ya kipande cha kioo. “Shikamoo mama,” anaanza kijana. Mama ana mtoto wa kilo 14, kwa hiyo ni kidonge kimoja kila dozi. Kijana anaandika kwenye bahasha: 1×2, siku tatu. Madam anainua kidole. Anaifuta bahasha, anamrudishia. Ni saa ngapi sasa? Saa kumi na mbili jioni. Basi dozi ya pili ni lini? Kijana anahesabu kwa vidole na kuandika: saa nane usiku.

Anatazama alichokiandika. Mama atalazimika kumwamsha mtoto usiku wa manane, mtoto aliye na homa, ambaye hatimaye amepata usingizi. Madam hasemi neno. Darasa zima limenyamaza likimngoja kijana, na kungoja huko ni kurefu, kurefu kiasi kwamba mwalimu mwingine angeshajibu mwenyewe. Kijana anainua kichwa na kumuuliza mama kama nyumbani ana simu yenye kengele. Anayo. Anamwomba aitoe, wanaitega pamoja papo hapo. Anamwambia anyonyeshe au ampe mtoto maziwa kidogo kabla ya kidonge. Anamwambia akitapika muda mfupi baada ya kumeza arudi. Anamwomba mama arudie yote kwa maneno yake mwenyewe, na mama, aliyekwisha kusahau kwamba ni mwanafunzi, anayarudia, anakosea dozi ya tatu, na kijana anaanza tena tangu mwanzo, polepole, akionesha kwa kalamu saa moja moja kwenye bahasha: kesho saa kumi na mbili jioni, keshokutwa saa kumi na mbili asubuhi.